Kuteleza kwa Jozi Kunaishi kwa Kuvuka Mipaka

Katika Olimpiki ya Beijing ya mwaka 2022, kulikuwa na nafasi 30 za wanaume na 30 za wanawake wanaoshindana mmoja mmoja katika kuteleza kwa madoido kwenye barafu. Dansi ya barafuni ilikuwa na jozi 23. Kuteleza kwa jozi, mchezo ambao mwanamume humnyanyua mwenzake juu ya kichwa na kumrusha huku wote wawili wakiwa mwendoni, kulikuwa na jozi 19 tu. Katika mashindano ya mfululizo wa Grand Prix hali ni hiyo hiyo: nafasi 12 kwa wanaume, 12 kwa wanawake, 10 kwa dansi na 8 kwa jozi. Wapo wanaozitazama tarakimu hizi wakasema mchezo huu unakata roho. Nashikilia kwamba wamekosea ugonjwa. Uchache wa jozi ni wa tangu mwanzo. Olimpiki ya London ya mwaka 1908 ilikuwa na jozi tatu peke yake. Kinachoubana mchezo huu leo ni ugumu wa watu wawili wanaofaana, na kocha anayejua kazi, kukutana mahali pamoja wakati mmoja. Historia inaonyesha kwamba kila watu na ujuzi walipoachiwa kuvuka mipaka ya nchi, mchezo ulistawi.

Sababu ya ugumu huo huonekana mtu akitazama kwa karibu kinachofanyika barafuni. Kila jozi hucheza programu fupi ya dakika 2 na sekunde 40, kisha programu ndefu ya dakika 4. Tuchukue mrusho wa juu kwa juu. Wanateleza kinyumenyume, mwanamume amemshika mwenzake kiunoni. Anamrusha, mwanamke anajizungusha mara tatu hewani, na mwanamume lazima awe ameshafungua mikono yake ili amdake kiunoni kabla hajashuka, kisha amtue taratibu kwenye mguu mmoja. Akichelewa kidogo tu, mwanamke humwangukia kifuani au mabegani. Au tuchukue kile ambacho wachezaji wenyewe hukiita mzunguko wa kifo: mwanamume anachomeka ncha ya chuma cha kiatu chake kwenye barafu na kugeuka papo hapo kama mhimili, huku amemshika mwenzake kwa mkono mmoja. Mwanamke anamzunguka akiwa amelala karibu usawa wa barafu, uzito wake wote ukiwa kwenye ukingo mmoja wa chuma cha kiatu kimoja. Hakuna kofia ya kinga wala kamba ya usalama. Majaji tisa hukipa kila kipengele alama ya ubora kuanzia kutoa tano hadi kuongeza tano, na wawili hao wanaporuka ubavu kwa ubavu, tofauti ndogo ya muda kati yao huonekana na kukatwa alama.

Mambo kama haya hayajifunzwi kwa kutazama video. Yanahitaji mtu wa pili mwenye kimo, nguvu, tabia na ratiba inayolingana na yako, na yanahitaji kocha aliyewahi kubeba au kubebwa. Mchezaji wa peke yake akiumia, hupona na kurudi. Katika jozi mmoja akiumia, wawili husimama; mmoja akistaafu, mwenzake hubaki na ujuzi wa miaka mingi usio na pa kutumika. Kidole kimoja hakivunji chawa. Uhaba wa wavulana huzidisha shida, kwa kuwa katika nchi nyingi wasichana wanaoteleza ni wengi mno kuliko wavulana. Kanada, tangu Desemba 2022, imelegeza kanuni zake za mashindano ya ndani, na jozi sasa inaweza kuwa wachezaji wowote wawili. Lakini kwenye mashindano ya kimataifa sharti la mwanamume na mwanamke lingalipo, na msako wa mwenza unabaki vilevile.

Kwa miongo minne jibu la tatizo hili lilikuwa dola kubwa. Kuanzia mwaka 1964 hadi 2006, medali ya dhahabu ya Olimpiki katika jozi haikuwatoka wachezaji wa Umoja wa Kisovieti na warithi wake, ingawa mwaka 2002 waligawana na Wakanada. Shule za michezo za serikali ziliwakusanya watoto wengi mahali pamoja, makocha wakawachagua na kuwaoanisha. China ilifanya jambo kama hilo kupitia mtu mmoja. Yao Bin na mwenzake walishika nafasi ya mwisho kwenye mashindano ya dunia ya Dortmund mwaka 1980, wakitoka nchi ambayo haikuwa na mtu wa kuwafundisha. Baadaye aliwalea Shen Xue na Zhao Hongbo, waliotwaa dhahabu ya Olimpiki mwaka 2010, na mwaka huohuo fedha ikachukuliwa na jozi nyingine ya Kichina aliyoifundisha. Kocha mmoja alitosha kuanzisha shule, na hilo linatuonyesha pia jinsi shule hizo zinavyotegemea watu wachache. Januari 29, 2025, Evgenia Shishkova na Vadim Naumov, mabingwa wa dunia wa mwaka 1994 waliokuwa wakifundisha Boston, walikufa katika ajali ya ndege mjini Washington pamoja na vijana wengi wa kuteleza kwa madoido. Pamoja na msiba wa familia na jamii nzima, maarifa yaliyokuwa vichwani mwao yalikwenda nao.

Nchi zisizo na mfumo wa aina hiyo zimepata jozi kwa njia nyingine, nayo ni kuvuka mipaka. Aljona Savchenko alizaliwa Ukraine na akaiwakilisha kwenye Olimpiki ya mwaka 2002. Alipokosa mwenza kwao alihamia Ujerumani, ambako mwaka 2003 aliunganishwa na Robin Szolkowy, aliyezaliwa Greifswald, Ujerumani Mashariki, na mama Mjerumani na baba daktari kutoka Tanzania. Chini ya kocha Ingo Steuer mjini Chemnitz, naye bingwa wa dunia wa mwaka 1997, wawili hao walitwaa ubingwa wa dunia mara tano na medali mbili za shaba za Olimpiki. Szolkowy alipostaafu, Savchenko aliungana na Mfaransa Bruno Massot. Ilipita zaidi ya mwaka mmoja kabla shirikisho la Ufaransa halijamwachia Massot, kisha ikabidi asubiri uraia wa Ujerumani. Mwaka 2018, kule PyeongChang, wakiwa wa nne baada ya programu fupi, walicheza programu ndefu ya pointi 159.31, rekodi ya dunia wakati ule, wakachukua dhahabu ya Olimpiki.

Ushahidi mzito zaidi uko Japani, kwa sababu hapo ndipo wengi huona ushindi wa nchi moja iliyojitosheleza. Riku Miura na Ryuichi Kihara ni Wajapani wote wawili, na mwaka 2023 walikuwa jozi ya kwanza ya nchi yao kutwaa ubingwa wa dunia. Lakini tufuate uzi hadi unakoanzia. Medali ya kwanza ya dunia ya Japani katika jozi, shaba ya mwaka 2012, ililetwa na Narumi Takahashi pamoja na Mkanada Mervin Tran, waliokuwa wakifanya mazoezi Montreal. Tran hakuwa raia wa Japani, njia ya Olimpiki ikawa imezibwa, na jozi ikavunjika. Takahashi alihitaji mwenza mwenye pasipoti ya Japani, akapatikana kijana aliyekuwa akiteleza peke yake: Kihara. Wakacheza pamoja Olimpiki ya Sochi mwaka 2014. Miaka mitano baadaye Kihara alikutana na Miura, wakahamia Kanada kwa kocha Bruno Marcotte, yule yule aliyekuwa miongoni mwa makocha wa Takahashi na Tran. Kwa hiyo ubingwa unaoonekana wa Kijapani mtupu umepita katika mikono ya Wakanada mara mbili. Jozi mseto iliyovunjika ndiyo iliyoacha mbegu.

Pingamizi la kwanza ni kwamba ustawi huu ni wa bahati tu, kwa kuwa Warusi wamezuiwa tangu Machi 2022 na viwango vimeshuka. Pingamizi hili lina uzito na halifai kukwepwa. Beijing, Sui Wenjing na Han Cong wa China walishinda kwa pointi 239.88, na jozi mbili za Urusi zilizowafuata zilipata 239.25 na 237.71. Mabingwa wa dunia wa 2023, 2024 na 2025 wameshinda kwa pointi kati ya 219 na 223. Kanuni za alama zimebadilika kidogo tangu hapo, lakini pengo hilo ni kubwa kuliko mabadiliko hayo. Hata hivyo, kilele si kipimo pekee cha afya ya mchezo. Nafasi tano za kwanza Beijing zilishikwa na nchi mbili tu. Kuanzia 2022 hadi 2025, medali za dunia zilikwenda Marekani, Japani, Kanada, Ujerumani na Italia, na mwaka 2025 kule Boston, Miura na Kihara waliwashinda Minerva Hase na Nikita Volodin wa Ujerumani kwa chini ya pointi moja. Kabla ya ubingwa wake wa 2022, Marekani ilikuwa haijatwaa taji hilo tangu mwaka 1979. Warusi watakaporudi kikamilifu, swali litakuwa kama nchi hizi zimejenga shule zinazodumu. Na Volodin mwenyewe, mzaliwa wa Saint Petersburg, ni ishara kwamba shule ya Kirusi haijatoweka. Sehemu yake imehama.

Pingamizi la pili ni la heshima ya taifa: nchi tajiri zitanunua wachezaji, na bendera itakosa maana. Hofu hiyo ni ya haki, ila inasahau kanuni zilivyo tayari. Katika mashindano ya dunia inatosha mmoja wa wawili awe raia. Katika Olimpiki ni lazima wote wawili wawe raia. Alisa Efimova na Misha Mitrofanov walikuwa mabingwa wa Marekani mwaka 2025 na wakaiwakilisha nchi hiyo Boston, ilhali Efimova hakuwa raia. Mchezaji mmoja basi anatosha kuitwa mwakilishi wa nchi kwenye mashindano ya dunia mwezi Machi, lakini hafai Februari ya mwaka wa Olimpiki. Kanuni mbili zinazopingana hazilindi bendera. Zinawafanya watu wakimbizane na ofisi za uhamiaji. Wala mseto si uzushi wa leo: mabingwa wa dunia wa mwaka 1911, Ludowika Eilers na Walter Jakobsson, walikuwa Mjerumani na Mfini.

Kuna badiliko jingine linalofanya jambo hili kuwa la haraka. Umri wa chini wa kushiriki mashindano ya watu wazima umepandishwa hadi miaka 17 kuanzia msimu wa 2024/25. Njia ya zamani ya kumchukua binti mdogo sana na kumwoanisha na mwanamume mkubwa imefungwa, na ni vizuri kwa usalama wa watoto. Mwaka 2024 Deanna Stellato-Dudek, Mmarekani aliyekuwa akiiwakilisha Kanada pamoja na Maxime Deschamps, alitwaa ubingwa wa dunia akiwa na miaka 40, baada ya kuwa nje ya barafu kwa miaka 16. Mchezo unaelekea kuwa wa watu wazima, na watu wazima hubadilisha wenza mara kadhaa katika maisha yao ya michezo. Kila mabadiliko ya aina hiyo ni msako mpya, na wengi humpata anayewafaa katika nchi nyingine.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu kwa shirikisho la kimataifa. Kwanza, muda wa kusubiri wa miezi 12 kwa anayehama nchi ufupishwe kwa mchezaji aliyebaki bila mwenza, na shirikisho la kwao lisiwe na uwezo wa kumzuia bila sababu iliyoandikwa. Pili, nchi inayompokea ilipe fidia ya malezi kwa klabu iliyomkuza, ili nchi ndogo zipate faida badala ya kuporwa. Tatu, liishawishi kamati ya Olimpiki ikubali kanuni ya raia mmoja kwa jozi, kwa kuwa ndiyo inayotumika katika mashindano ya shirikisho lenyewe. Mafanikio ya hatua hizi yasipimwe kwa medali. Yapimwe kwa kuhesabu, kila msimu, wachezaji wangapi waliobaki bila mwenza wamepata mwingine ndani ya mwaka mmoja, na wangapi wameacha mchezo wakiwa bado na uwezo. Hesabu hiyo ya pili ikipungua, jozi 19 zitaongezeka zenyewe.