Wazuti wa Hadithi na Virk wa Punjab

Katika Sahihi ya Bukhari, Mtume (S.A.W.) amemsifu Nabii Musa kuwa mtu wa maji ya kunde, mwenye nywele za singa, kana kwamba ni katika Wazuti. Nilipita hapo mara nyingi bila ya kuuliza: Wazuti ndio nani?

Firuzabadi, aliyefariki Zabid, Yemen, mwaka 1415, amejibu katika Kamusi yake. Ni watu wa Bara Hindi, na jina limearabishwa kutokana na Jat. Kisha akalalama kuwa kwa kiasi lingepasa kutiwa fataha, si dhumma. Bwana huyu hata irabu haikumpita!

Hapo nimeridhika. Lakini Wajati wana koo nyingi, na wa ukoo wa Virk, huko Punjab, husema wao wametajwa na Panini, bingwa wa sarufi ya Kisanskriti aliyeishi karne kadha kabla ya Nabii Isa. Kweli, Panini amewataja Vrika, watu waliokula kwa silaha zao. Na neno lenyewe ni mbwa mwitu. Sauti zinakaribiana. Ila baina yao imepita miaka elfu mbili na ushei, na nani kapokea kwa nani? Chuoni tulifunzwa kuwa isnadi iliyokatika ni dhaifu, hata matini yakiwa matamu.

Sitawacheka. Nasi wa pwani tuna shajara zinazofika Shirazi, na kila nikiwauliza wazee majina ya mababu wa katikati, hukaribishwa kahawa.