Mita 60 Kuanzia Wapi?

Chukua kijito kimoja cha Mufindi, upana wake hatua mbili, ukifuate kwa kilometa moja tu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakitengea mita 60 kila upande. Piga hesabu: ni hekta 12, karibu ekari 30, kwa kilometa moja ya maji ambayo mtu mzima anayaruka bila kukunja suruali. Na Nyanda za Juu Kusini hakuna kijiji chenye kijito kimoja. Mabonde yenyewe ni membamba. Mara nyingi ukipima mita 60 kutoka majini umeshamaliza bonde lote na umeanza kupanda kilima.

Ndani ya ekari hizo ndimo vilimo vinyungu. Msomaji wa Iringa au Njombe hahitaji maelezo. Kwa wengine, hizi ni bustani za bondeni zinazolimwa kiangazi: majani hufyekwa na kufukiwa chini ya matuta, mifereji huchimbwa kupunguza maji, na unyevu unaobaki hulea mahindi, maharage, viazi na mboga wakati mashamba ya mlimani yamekauka. Kinyungu ndicho chakula cha miezi ile ghala linapopungua, na ndicho ada ya shule. Kwa hiyo likitoka tangazo kwamba kulima ndani ya mita 60 ni kosa, watu husikiliza, hunung'unika, kisha hushuka bondeni na majembe yao. Siwashangai.

Tatizo la kwanza ni kwamba tangazo huwa kali kuliko sheria yenyewe. Kifungu cha 57 hakisemi mtu asiguse ardhi ile. Kinakataza shughuli za kudumu, pamoja na zile ambazo kwa asili yake zinaweza kudhuru hifadhi ya ukingo wa mto, ufukwe wa bahari, mwambao wa ziwa, au bwawa. Kujenga nyumba ya matofali kumekatazwa wazi. Kukata majani ya ng'ombe je? Kuweka mizinga? Kulima maharage bila dawa? Hapo pana mjadala, na kwa maoni yangu mjadala huo ni wa kijiji kuliko wa mkuu wa wilaya mwenye kipaza sauti.

Namba 60 nayo haikuzaliwa mwaka 2004. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zilikwishataja ardhi iliyo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto miongoni mwa zile zinazoweza kutangazwa kuwa hatarishi. Majirani zetu wamepima kwa kamba nyingine. Kanuni za Kenya za mwaka 2007 za usimamizi wa maji zilifuata upana wa mto wenyewe: ukanda usiopungua mita 6 wala kuzidi 30 kila upande. Uganda iliitenga mito mikubwa iliyotajwa kwa majina, ikaipa mita 100, na mingine mita 30. Ukiona nchi tatu jirani zinatofautiana hivi, ujue namba ni makubaliano. Mto haujui hata moja kati ya hizo.

Kinachojulikana ni kazi za ukanda, na kila kazi ina upana wake. Matete na majani mazito hupunguza kasi ya maji ya mvua yanayoteremka shambani. Mchanga na chembe nzito za udongo hutua ndani ya mita chache za mwanzo, na fosforasi ya mbolea, ambayo hujishikiza kwenye udongo, hutua nao. Kwa kazi hii ukanda wa mita kumi uliofungamana vizuri hushinda mita 60 za ardhi tupu. Lakini maji yakikusanyika kwenye korongo au njia ya ng'ombe, hupenya ukanda wa upana wowote kana kwamba haupo.

Nitrati ni habari nyingine. Hii inayeyuka kabisa na kupita chini kwa chini, kwa hiyo majani ya juu hayaizuii. Wanaoiondoa ni bakteria wa udongo uliolowa, usio na oksijeni, wenye masalia ya mimea ya kuwalisha. Huigeuza kuwa gesi ya naitrojeni, ikapotelea hewani. Na udongo wa namna hiyo ndio hasa udongo wa bonde kabla halijachimbwa mfereji. Mfereji ukishachimbwa, hewa inaingia, bakteria wale wanakosa kazi, na maji yenye mbolea ya kukuzia yanapata njia ya mkato hadi kijitoni. Ukanda unabaki na upana wake kwenye ramani. Kama ningeruhusiwa kubadilisha jambo moja tu katika kilimo cha vinyungu, nisingegusa mahindi. Ningefupisha mifereji ili imwage maji yake kwenye matete badala ya mtoni.

Kivuli nacho kina kazi yake. Maji yakipata joto hushika oksijeni kidogo, na katika vijito vya juu, ambako jua halipenyi kiasi cha kuotesha mwani wa kutosha, majani yanayoanguka kutoka kwenye mivengi na mikuyu ndiyo chakula cha wadudu wa majini, ambao nao huliwa na kaa, samaki na ndege. Wadudu hao ni mashahidi wazuri. Tanzania ina mfumo wake wa kuwasoma, uitwao TARISS, unaoipa kila jamii ya wadudu alama kulingana na inavyovumilia uchafu. Kopo la maji linaeleza hali ya saa ile lilipotekwa. Wadudu walioishi pale kwa miezi wanaeleza yaliyopita, likiwemo bomba la dawa lililosuuzwa kijitoni wiki iliyotangulia.

Sasa tuje kwenye jambo linaloniudhi. Mikaratusi imepandwa mabondeni kwa sababu inakua haraka na soko la nguzo na mbao lipo. Huko Mokobulaan, Afrika Kusini, watafiti walipanda mikaratusi mwaka 1969 katika eneo zima linalolisha kijito kimoja. Mwaka wa tisa kijito kilikauka kabisa. Miti ilikatwa ilipofikisha miaka 16, na maji hayakurudi kutiririka mfululizo hadi miaka mitano baadaye. Ni kweli pale lilipandwa eneo lote, si ukanda wa kando tu. Lakini mti wenye mizizi karibu na maji hunywa kiangazi chote, wakati kijito hakina akiba nyingine. Kinyungu huvunwa na kupumzika, mkaratusi haupumziki. Msako unaofyeka mahindi ya mama mjane na kuiacha mikaratusi ya mwenye fedha imesimama bondeni umeanzia pasipo. Mlimani na iote, ni biashara halali.

Hata lawama za mto kukauka huwaangukia watu wa juu kuliko wanavyostahili. Mto Ruaha Mkuu ulianza kukatika kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha mwaka 1993, na kishindo kikubwa kilitoka Usangu, kwenye skimu za mpunga zinazochukua maji ya kiangazi, si kwenye matuta ya maharage ya Mufindi.

Chombo cha kurekebisha haya kipo. Halmashauri ya kijiji inaweza kutunga sheria ndogo, mkutano mkuu wa kijiji ukazijadili, na halmashauri ya wilaya ikazipitisha. Mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji chini ya sheria ya mwaka 2007 unaweza kuonyesha kila bonde kwa jina lake. Humo ndimo pa kuandika kwamba mita za kwanza karibu na maji zibaki na miti ya asili na matete; kwamba zinazofuata zilimwe kwa jembe la mkono, bila dawa, na mifereji iishie kwenye majani; kwamba mikaratusi iliyomo ivunwe na isipandwe upya; kwamba ng'ombe wanywe mahali pamoja palipotengenezwa. Ni kanuni ambazo kamati ya mazingira ya kijiji inaweza kuzikagua kwa macho, bila kupima kitu maabara.

Kitu kimoja lazima kiandikwe kabla ya vyote: kamba inaanzia wapi. Sheria inasema ukingo, lakini bonde la matope halina ukingo unaoonekana; maji ya masika hutanda, ya kiangazi hujikunja katikati. Kamati ipime Machi, mvua zikiwa zimekolea, na wenye vinyungu wakiwepo, kisha bikoni zisimikwe siku hiyohiyo. Bikoni iliyosimikwa Septemba itakutwa Machi imesimama ndani ya maji, na mwenye shamba atakuwa na haki ya kuuliza ilikuwa inapima nini.