Nusu Milimita Inayoupa Mkono Macho

Wahedi wa sitini ni mchezo wa hesabu. Ree ina pointi 11, seti 10, mfalme 4, ghulamu 3 na bibi 2. Jumla ni 30 kwa kila aina, na kwa kuwa aina ni nne, shupaza, kopa, uru na pau, jozi nzima inabeba pointi 120. Aliyefika 61 amemaliza kazi, maana waliobaki hawawezi kuvuka 59. Kwenye baraza za Ng'ambo, Unguja, kuanzia Kikwajuni na Miembeni hadi chini ya majumba marefu ya Michenzani, wapo watu waliokua na hesabu hiyo kichwani, na kila karata inayotupwa mezani wanaiweka katika kumbukumbu. Mengi ya majina haya ya karata yaliachwa na Wareno, waliofika pwani hii mwaka 1498.

Mikono ya wachezaji hawa nayo ina ujuzi wake, ingawa hausifiwi sana. Jozi iliyochezwa kwa miezi huota manyoya kingoni. Karata moja ikipotea, pengo likazibwa kwa karata ya jozi nyingine, mchezaji mzoefu huigundua anapochanga, kabla hata ya kuona uso wake. Imezidi kidogo, au imepungua kidogo. Wafanya mazingaombwe wa karata wameichukua hisia hiyo wakaifanya ufundi kamili: wanatengeneza kwa makusudi karata zenye vipimo visivyolingana na vya karata nyingine.

Karata ya kawaida ya kiwango cha poka ina upana wa milimita 63 hivi na urefu wa milimita 89. Ile ya briji ina urefu huohuo, lakini upana wake ni milimita 57 tu, ili mchezaji aweze kuzipanga karata 13 mkononi bila taabu. Sasa chukua karata moja, ikate nusu milimita kwenye ncha, uzungushe upya pembe zake, kisha uirudishe katikati ya jozi. Ukiiweka peke yake mezani, hakuna atakayeitilia shaka. Hiyo ndiyo karata fupi.

Kazi yake huonekana pale kidole gumba kinapopita juu ya ncha za jozi na kuziachia karata moja moja. Kila karata hukunjwa kidogo, ikaponyoka na kurudi sawa, na kelele zote huungana kuwa mvumo mmoja. Kidole kikifika kwenye karata fupi hakipati kitu cha kushika. Karata hiyo huanguka pamoja na jirani yake, mvumo unakatika, na panasikika "tak" moja nzito kuliko nyingine. Hapohapo mfanya mazingaombwe huisimamisha jozi na kuigawa mahali anapotaka, huku akiwatazama watu usoni.

Ajabu ni kwamba kwa ncha ya kidole, nusu milimita ni kitu kikubwa sana. Mwaka 2013 watafiti wa Taasisi ya Kifalme ya Teknolojia ya Stockholm, nchini Sweden, walitengeneza nyuso zenye mikunjo midogo mno na kuwapa watu wazipapase bila kuziona. Vidole viliweza kutofautisha uso laini kabisa na uso wenye mikunjo ya nanomita 13 tu. Nusu milimita ni nanomita 500,000. Ngozi ya kiganja na vidole vya mkono mmoja ina vipokezi vya mguso vipatavyo 17,000, na kila aina ina kazi yake. Baadhi husikia kingo na pembe, vingine huamka ngozi inapoteleza. Vipokezi vya Pacini, vilivyozama ndani zaidi, husikia mitetemo ya haraka, hasa inayokaribia 250 kwa sekunde. Kwa hiyo ile "tak" ya karata fupi huufikia mkono kwa njia mbili, kwa ukingo uliokosekana na kwa mtetemo uliovunjika.

Umuhimu wa karata fupi unaonekana zaidi karata zinapochangwa. Karata 52 zinaweza kupangwa kwa namna nyingi kuliko akili inavyoweza kushika: takriban 8 ikifuatiwa na sifuri 67. Mwaka 1992 wanahisabati Dave Bayer na Persi Diaconis walionesha kwamba mtu akizichanga kwa kuzigawa mafungu mawili na kuzipachanisha, mara saba zinatosha kuvuruga mpangilio wa awali. Diaconis alikuwa na sababu ya kulishughulikia swali hilo, kwani aliondoka nyumbani akiwa na miaka 14 kumfuata Dai Vernon, bingwa wa mazingaombwe ya karata, na hisabati ilikuja baadaye. Lakini zichangwe mara saba au mara sabini, karata fupi inabaki fupi. Mpangilio wote umepotea, na bado kidole gumba kinaifikia kwa sekunde moja.

Kutokana na wazo hilo zimezaliwa jozi nzima za vipimo maalumu. Katika ile iitwayo Svengali, ambayo mara nyingi huhusishwa na Mmarekani Burling Hull na mwaka 1909, karata 26 ni za kawaida na zote tofauti, na 26 ni fupi na zote za sura moja, zikipishana moja kwa moja. Zikiachiwa kwa kidole huanguka mbilimbili, na mtazamaji anaona zile tofauti tu. Akiambiwa akate popote, vidole vyake hunasa karata ndefu na kuinua, na chini yake inamngoja karata ileile iliyopangwa. Jozi nyingine hukatwa ziwe pana ncha moja na nyembamba ncha ya pili. Ukigeuza karata moja tu kichwa chini, upande wake mpana hujitokeza kingoni, na vidole huichomoa gizani.

Walaghai wa kamari walizijua karata za namna hii zamani. Jean-Eugène Robert-Houdin, mtengeneza saa wa Kifaransa aliyegeuka mfanya mazingaombwe, alifichua hila zao katika kitabu alichokichapisha mwaka 1861. Miaka mitano kabla, serikali yake ilikuwa imempeleka Algeria akawashangaze viongozi wa dini wa Kiislamu, ili waamini kwamba Wafaransa wana nguvu zinazoshinda zao. Elimu ya sumaku na mitambo ikatumika kama fimbo. Ndiyo maana inafaa vijana wa Unguja waelezwe waziwazi namna vitu hivi vinavyofanya kazi. Hapana jini wala hirizi katika karata iliyopunguzwa nusu milimita.

Na jicho je? Kwa umbali wa sentimita 40, jicho zima linaweza kupambanua kitu cha takriban milimita 0.12, kwa hiyo upungufu wa karata fupi linaweza kuuona. Haliuoni kwa sababu haujapelekwa mbele yake: karata imo ndani ya jozi, na fikra ziko kwingine. Hata uchaguzi wa mtu huongozwa hivyohivyo. Mwaka 2015 Jay Olson, mtafiti wa Chuo Kikuu cha McGill huko Montreal ambaye pia ni mfanya mazingaombwe, na wenzake walieleza jaribio la kuzipitisha karata haraka mbele ya watu, moja ikionekana kwa muda mrefu kidogo kuliko nyingine. Asilimia 98 walichagua hiyo, na wengi wao wakaamini wamechagua kwa hiari yao.

Anayetaka kujitengenezea karata fupi Ng'ambo ana mpinzani ambaye vitabu vya Ulaya havimtaji sana, nao ni unyevu. Karatasi ni nyuzi za mimea zilizoshikana, na nyuzi hizo hunywa maji ya hewani zikavimba. Karatasi hutanuka zaidi kukingamia nyuzi kuliko kuzifuata, na pia hulegea, ndiyo maana wakati wa masika karata hupinda na ile "tak" hufifia. Karata iliyotoka jozi nyingine inaweza kuvimba kwa kiasi tofauti na wenzake, na nusu milimita ikamezwa au ikazidi hadi kuonekana. Karata za plastiki hazina tatizo hilo, ila ni ngumu kukatwa zikabaki na ukingo safi.

Dawa yake ni kukata karata ya jozi ileile, baada ya jozi nzima kukaa nje ya pakiti siku moja katika hewa ya chumba itakamotumika. Rula ya chuma na wembe mpya hutosha kwa ncha. Pembe huzungushwa kwa kikata kucha, kisha hupitishwa msasa laini, kwani pembe yenye ncha ndiyo huonekana kwanza. Halafu jozi hiyo iwekwe mbali na meza ya wahedi wa sitini. Pale karata fupi si sanaa tena, ni wizi wa pointi, na mkono wa mzee aliyechanga karata miaka arobaini utaigundua kabla hajamaliza kugawa.