Kushuka Ndio Ngoma

Wahenga walisema, "Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma." Kwa kawaida methali hii humwonya mtu ajitiaye katika jambo asilojua namna ya kutoka. Mimi napenda kuitumia kwa maana yake ya wazi kabisa, kwa sababu wenzangu wengi hapa bwenini wanatafuta misuli, na karibu wote wanaitafuta katika kupanda tu.

Kila jioni, nyuma ya mabweni, twaona vijana wakinyanyua vyuma walivyovitengeneza kwa bomba na makopo yaliyojazwa saruji. Mtu huuvuta mzigo kwa kishindo, hutikisa kiuno, hupinda mgongo, kisha huuacha ushuke wenyewe kama gunia la mkaa litupwalo kutoka garini. Wenzake humpigia makofi. Pembeni husimama wale wasioweza kujivuta hata mara moja kwenye chuma cha kuning'inia, wakiona haya. Nawaandikia wote hawa: yule wa kwanza asije akaumia mgongo, na hawa wa pili wajue kwamba wao pia wana pa kuanzia.

Kwanza yatupasa kujua msuli hufanya nini. Unapokunja mkono kuinua ndoo, msuli ulio mbele ya mkono wa juu hujikaza na kuwa mfupi. Unapoishusha ndoo polepole, msuli ule ule hurefuka, lakini haujalala: unafanya kazi ya breki. Tena msuli ukiwa katika kazi ya breki waweza kuhimili mzigo mzito kuliko ule uwezao kuuinua. Basi mtu aachiaye mzigo uanguke ametupa bure nusu ya zoezi lake.

Sisi wa Morogoro tuna ushahidi mlangoni petu. Mji wetu uko kiasi cha mita 500 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Lupanga kinachoutazama kimepita mita 2,100. Wakulima wa Uluguru huteremka njia za mlimani wakileta ndizi na mboga sokoni. Anayeshuka na mzigo huona pumzi zake zimetulia, lakini mapaja yanatetemeka, maana katika kila hatua msuli wa mbele wa paja huuzuia mwili usiporomoke. Darasa letu lilipopanda Morningside mwaka jana, malalamiko yote yalikuwa ya kupanda. Lakini kesho yake, na zaidi kesho kutwa, wengi walishuka ngazi kwa kushika ukuta. Kilichowaumiza zaidi ni ule mteremko. Maumivu haya yanayochelewa yalielezwa mwaka 1902 na Mmarekani Theodore Hough. Mazoea huyapunguza sana. Ndiyo maana mama aliyezoea njia ya mlimani hushuka na mkungu kichwani, na kesho yake akaenda shambani bila kuchechemea.

Mwaka 1952, huko Uingereza, wataalamu Abbott, Bigland na Ritchie waliziunganisha baiskeli mbili kwa mnyororo, zikiwa zimepeana mgongo. Mmoja alikanyaga kwenda mbele, na mwenzake akazizuia pedali zilizokuwa zikirudi nyuma. Nguvu za miguu zilikuwa sawa, lakini aliyezuia alitumia hewa kidogo kuliko mwenzake. Jambo hili lilipoonyeshwa hadharani mjini London, mwanamke mwenye umbo dogo alimkabili mwanamume mkubwa bila taabu nyingi. Wasichana wasidhani basi kwamba habari hii haiwahusu.

Sasa nieleze njia yenyewe. Asiyeweza kujivuta juu ya chuma na apande juu ya benchi imara, aweke kidevu juu ya chuma, kisha ajishushe polepole akihesabu moja hadi tano mpaka mikono inyooke. Arudi kwenye benchi na kurudia mara tatu au nne, basi. Kwa pushapu, ashuke kwa hesabu ya nne, mwili ukiwa umenyooka kama ubao, kisha aweke magoti chini ili ainuke. Kwa vyuma, ainue bila kutikisa kiuno, na kushusha kwa hesabu ya tatu au nne. Kiuno kikianza kuyumba, mzigo umezidi au nguvu zimekwisha. Hapo ndipo pa kuacha. Mzigo mdogo unaoinuliwa kwa unyofu hufika kwenye msuli uliokusudiwa, lakini mkubwa unaorushwa huishia mgongoni na mabegani.

Walakini polepole si uganga. Uchunguzi mwingi uliokusanywa pamoja mwaka 2015 ulionyesha kwamba zoezi moja likichukua nusu sekunde au sekunde nane, misuli hukua karibu sawasawa, mradi mtu afanye mpaka achoke. Faida ya kushuka taratibu ni kwamba mzigo mdogo hutosha, na mwendo wote huwa mikononi mwako.

Anayeanza asifanye mengi siku ya kwanza. Apumzike siku mbili, ale maharage na dagaa pamoja na ugali wake, na alale taa zizimwapo, maana msuli hujengwa wakati wa mapumziko. Mtu akiona mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi baada ya mazoezi makali, asione haya kusema; aende kwa mganga upesi, kwani hiyo ni dalili ya misuli kuharibika, na figo zaweza kudhurika.

Ewe ndugu uliyesimama pembeni, njoo kwenye chuma jioni ya leo. Anza na kushuka. Kupanda kutakuja kwenyewe.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne