Mita moja, maduka matano: hesabu ya stima Garsen

Katika vyumba vya kupanga vya miji yetu midogo, mpangilio huu umezoeleka: mita moja ya tokeni ukutani, na nyuma yake wapangaji wanne au watano. Mwisho wa mwezi kila mmoja humpa mwenye nyumba kiasi kilekile. Mita ipo, lakini kwa mpangaji ni kama haipo, maana haimwambii yeye ametumia nini. Mfanyabiashara wa vijiji vya Wema au Hewani anayetaka chumba katika mji wa Garsen anafaa kuijua hesabu hii kabla hajatoa kodi ya kwanza.

Tuchukue mfano. Kinyozi mwenye mashine, taa mbili na televisheni atamaliza takriban uniti 17 kwa mwezi. Duka la rejareja, 17 pia. Fundi wa simu, 12. Mkahawa wenye taa, feni na redio, 22. Kisha kuna muuza samaki. Friza ya wati 200 ikinguruma jumla ya saa 12 kwa siku hula uniti 2.4, yaani 72 kwa mwezi. Jumla ni 140. Zikigawanywa sawa, kila mmoja analipia 28. Kinyozi anabeba uniti 11 ambazo hakuziona, na samaki wa jirani wanagandishwa kwa jasho la wengine.

Hasara ya pili imejificha zaidi. Bei zilizoidhinishwa na mamlaka ya nishati, EPRA, kuanzia Aprili 2023 ziliwapanga wateja wadogo wa biashara kwa matumizi yao: hadi uniti 30, kutoka 30 hadi 100, na zaidi ya 100. Chini ya mpango huo, anayetumia kidogo hulipa bei nafuu kwa kila uniti. Wapangaji wetu wanne, kila mmoja akiwa na mita yake, wangekaa kundi la chini, na mwenye friza kundi la kati. Wakichangia mita moja, wote wanasukumwa kundi la juu. Bei hizo zilipangiwa kipindi cha hadi mwisho wa mwaka wa fedha wa 2025/26, kwa hiyo zithibitishe kabla ya kuzitegemea.

Hapa wengi huchanganya mambo. Mita ndogo anayofunga fundi kwa kila chumba huleta haki kati ya wapangaji, na hilo si dogo. Lakini kundi la bei halibadiliki, kwa sababu kampuni ya umeme, Kenya Power, inaendelea kusoma mita kubwa tu. Anayetaka bei ya chini hana budi kuomba mita yake mwenyewe.

Huenda mtu akauliza kama hatuwezi kukadiria tu, bila mita ya kila mmoja. Kuna matumizi yanayokubali hilo, nayo ni taa ya barabarani. Garsen iko karibu na ikweta, giza huingia mnamo saa kumi na mbili jioni na kupambazuka saa kumi na mbili asubuhi, mwaka mzima. Taa ya wati 60 ni uniti 21.6 kwa siku 30, na makadirio hayaendi mbali na ukweli. Uingereza, ambako usiku wa Desemba ni mara mbili ya ule wa Juni, kumekuwa na mpango wa kuhamishia hata taa zisizo na mita kwenye hesabu ya kila nusu saa. Friza haina utii wa taa. Joto likipanda, au mlango ukifunguliwa kila dakika, makadirio yamevunjika.

Novemba 2024 ilitupa funzo jingine kuhusu mita ya pamoja. Mita nyingi za tokeni duniani zilihitaji kusasishwa kabla ya tarehe 24, na Kenya Power ilituma tarakimu za ziada za kuingizwa kabla ya tokeni yenyewe. Ujumbe huo ulimfikia aliyenunua tokeni. Mpangaji anayelipa kiasi kilekile kila mwezi hana nambari ya mita wala risiti. Akikaa gizani, anamsubiri mwenye nyumba.

Kwa hiyo kabla ya kupanga, omba nambari ya mita, soma wati zilizoandikwa nyuma ya kila chombo, na mkubaliane kwa maandishi. Msisahau mto Tana. Delta yake ilifurika 2018, na tena mwishoni mwa 2023. Andikeni ni nani atakayelipia stima ya wiki ambazo maji yamefunga duka.