Tulimsikia Mmoja Tu

Jioni ya tarehe 26 Julai 2022 tulikuwa hapa Koni, mbali na kelele za mji wa Likasi, karibu na maji ya Lufira ambayo tangu zamani za Wabelgiji yanazungusha mashine za umeme. Tulikusanyika nyumbani kwa mzee mmoja, watu tisa mbele ya televisheni moja: wazee, vijana wa shule, mama mkubwa wa nyumba ile, nasi mwalimu wao tukiwa mkalimani, kwa maana mengi yalisemwa kwa Kiingereza. Wakenya walikuwa wakingojea uchaguzi wa tarehe 9 Agosti, nasi tulitaka kuona jinsi jirani wanavyowahoji watu wanaoomba utawala.

Mahali pa mjadala palikuwa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki, Nairobi. Wagombea urais walikuwa wanne, wakagawanywa wawili wawili. Bwana George Wajackoyah alikataa kuingia, akitaka wote wanne wasimame pamoja. Basi Bwana David Mwaure akajibu peke yake. Bwana Raila Odinga naye alikuwa amekwisha kukataa, watu wake wakisema kwamba mpinzani wake hataki kuulizwa habari za rushwa na uadilifu. Hivyo Bwana William Ruto akasimama peke yake mbele ya waulizaji wawili, Yvonne Okwara na Eric Latiff.

Twakiri kwamba mwanzoni tulifurahi sana. Msemaji alikuwa hodari, hakutafuta maneno, na kijana mmoja alipiga makofi hata kabla hatujamaliza kumfasiria. Ndipo mama mkubwa akatuuliza: «Baba mwalimu, unga utashuka bei kwa njia gani?»

Tulifungua kinywa, tukakifunga tena. Sauti tuliikumbuka, na mikono ilivyokwenda tuliikumbuka, njia hatukuikumbuka. Wala jambo la unga halikuwa dogo. Wiki moja tu kabla ya siku ile, serikali ya Kenya ilikuwa imetangaza kwamba pakiti ya kilo 2 ya unga wa mahindi iuzwe kwa shilingi 100. Sisi tunaokula bukari kila siku tungalipaswa kulishika neno hilo mbele ya mengine yote. Mama mkubwa akaongeza: «Na yule asiyekuja, nani atamwuliza?» Hakuna aliyemjibu.

Usiku ule hatukulala upesi. Tulikumbuka kwamba miaka ya nyuma tulimpigia mtu kura kwa sababu ya Kifaransa chake tu. Alisema vizuri uwanjani, nasi tukawaambia wazazi wa wanafunzi wetu kwamba huyu ni msomi, atatufaa. Baada ya uchaguzi hatukumwona tena. Wazazi wale hawakutulaumu, na hilo ndilo lililotuuma zaidi.

Mambo haya hayakuanza jana. Tarehe 26 Septemba 1960, huko Chicago, John Kennedy na Richard Nixon walijadiliana mbele ya televisheni, na tangu siku ile watu hubishana kama mshindi alishinda kwa hoja au kwa sura. Nchini Kenya mjadala wa kwanza wa wagombea urais ulifanyika tarehe 11 Februari 2013, wagombea wanane pamoja. Mwalimu Mohamed Abduba Dida aliwachekesha na kuwapendeza wengi. Lakini siku ya uchaguzi alipata kura zisizotimia 53,000. Mwaka 2017 Bwana Uhuru Kenyatta hakuja, Bwana Odinga akajibu peke yake katika chuo kile kile. Aliyetangazwa mshindi wa kwanza mwaka ule ni yule asiyekuja. Mwaka 2022 alishinda aliyekuja, kwa asilimia 50.49. Basi kuja au kutokuja hakukumpa mtu kiti wala hakukumnyima. Aliyepungukiwa ni mpiga kura, maana shauri la mtu mmoja halina wa kulipinga.

Hata hivyo tusiwacheke jirani. Kwetu Kongo, mwaka 2006, kabla ya duru ya pili ya tarehe 29 Oktoba, ilikusudiwa Bwana Joseph Kabila na Bwana Jean-Pierre Bemba wajadiliane ana kwa ana. Haikuwa hivyo. Kisha Januari 2011 katiba ilibadilishwa, duru ya pili ya kumchagua rais ikaondolewa. Anayewapita wengine kwa kura mara moja amekwisha kushinda. Hivyo hata ile nafasi ya watu wawili kubaki na kutazamana imetoweka.

Basi sisi tulifanya nini? Kabla ya uchaguzi wa tarehe 20 Desemba 2023 tulichukua daftari la shule, tukapiga mistari ya safu tatu: ahadi, njia, fedha. Wagombea ubunge walipopita, vijana waliandika. Safu ya kwanza ilijaa upesi. Ya pili na ya tatu zilibaki karibu tupu. Mgombea mmoja alipoulizwa fedha za barabara zitatoka wapi, alikasirika akapanda gari lake. Mwingine, mtu wa kigugumizi kidogo, alikaa juu ya benchi akaeleza nusu saa, na mara mbili alisema waziwazi: «Hilo mimi sitaliweza.»

Huyo wa pili ndiye tuliyempa kura yetu. Mama mkubwa alimpa mwingine, naye alitueleza sababu zake moja moja, akizihesabu kwa vidole. Tulizikubali kuwa sababu.

Wasomaji wapenzi, televisheni si adui. Hutuonyesha uso na kutusikilizisha sauti. Lakini kura ni amana. Mtakapotazama mjadala mwingine, wekeni daftari magotini, na mjadala ukiisha mwulizeni aliye karibu nanyi: amesema nini juu ya unga, na kwa njia gani? Kama hamna la kujibu, msipige makofi bado.