Sauti Yako Ndani ya Biti 260

Ukizungumza kwenye simu ya GSM, sauti yako haisafiri kama ilivyotoka kinywani. Simu huipima mara 8,000 kwa sekunde, kisha huvikata vipimo hivyo katika vipande vya milisekunde 20, kila kimoja vipimo 160. Kwa utaratibu wa simu za mezani za kidijitali, sekunde moja ya sauti huhitaji biti 64,000, na mawimbi ya redio hayatoshi kumgawia kila mtu kiasi hicho. Kodeki (kanuni ya kubana sauti) ya kwanza ya GSM hutumia biti 13,000 tu, yaani 260 kwa kila kipande.

Siri iko mwilini mwetu. Nyuzi za sauti hutetema kooni, nao ulimi, kaakaa na midomo huupa mtetemo huo umbo la a, o au m. Viungo hivyo havina haraka. Ndani ya milisekunde 20 ni kama vimetulia. Basi simu hulikadiria umbo hilo kwa namba 8, zinazochukua biti 36. Biti nyingine 36 hueleza jinsi mtetemo unavyojirudia, na 188 hubeba masalio ambayo makadirio hayakuyafikia. Simu ya upande wa pili huijenga sauti upya kwa maelezo hayo. Msingi wa hesabu hii uliwekwa miaka ya 1960 na Itakura na Saito nchini Japani, na Atal na Schroeder huko Marekani. Kwangu mimi, uhandisi una kazi chache nzuri kuliko hiyo.

Kipande kikiharibika njiani, simu hurudia kilichotangulia huku ikikififisha; vikiharibika mfululizo, ndani ya milisekunde 320 inanyamaza kabisa. Marudio hayo ndiyo ile sauti ya roboti unayoisikia kabla mwenzako hajapotea. Na wewe ukinyamaza, simu yako huacha kurusha mawimbi ili kuokoa chaji, huku ya mwenzako ikitengeneza mvumo hafifu. Bila mvumo huo angeuliza, "Haloo, upo?"

Kinachonikera ni masafa. Simu hizi hupitisha takriban hezi 300 hadi 3,400, ilhali nguvu kubwa ya sauti ya s iko juu ya hapo. Ndiyo maana Saida akitaja jina lake huweza kuandikwa Faida. Kodeki ya baadaye, AMR-WB, hufika hezi 7,000, mradi simu zote mbili na mtandao viikubali. Kama simu yako ina VoLTE, yaani kupiga simu kupitia 4G, ambayo huweza kutumia kodeki hiyo, ingia kwenye mipangilio uiwashe.